Kikombe cha Maua

Kila jioni mke aliporudi kazini, kabla hata hajavua viatu, mumewe alikuwa na swali moja tu. Halikuwa pole na kazi, wala umeshindaje. Lilikuwa hili:

"Leo nani kaja?"

"Niache nipumue kwanza," mke alisema jioni hiyo, akajitupa kwenye kochi, upande ule usiobonyea.

"Pumua. Kwani ukisema unazuiwa kupumua?"

Binti yao, aliyekuwa akijisomea mtihani kwenye meza ya chakula, alicheka bila kuinua kichwa. Hakikuwa kicheko cha furaha. Alikuwa na njaa, na alijua sufuria haitabandikwa mpaka baba yake ashibe habari.

Mke alikuwa mpika chai kwenye makao makuu ya chama kinachotawala. Huko hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mama Chai kwa wote, kuanzia mlinzi wa geti hadi Mwenyekiti. Miaka kumi na moja alikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku, asiyelipwa akiugua. Mwaka huu Bwana Utawala, msimamizi wa mambo yote ya ofisi, alikuwa amemwahidi kwa kinywa chake kwamba mkutano mkuu ukipita atamwandikia barua ya ajira ya kudumu. Tangu siku hiyo Mama Chai alikuwa akienda kazini kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Hakuchelewa na hakujibu akisemeshwa vibaya.

Mumewe alikuwa msoma mita wa idara ya maji, na kwa miaka mingi alijua kila ua wa mtaa na kila mbwa wake. Kisha idara ikaleta mita zinazojisoma zenyewe, naye akapewa mkono wa kwaheri. Msimamizi wa mitaro ya mabomba mapya alimtafuta mara mbili. "Njoo, kaka, kazi ipo, ni ya sururu lakini inalipa." Akajibu kwamba yeye ni mtu wa kusoma maji, si wa kuyachimbia. Baada ya hapo ilibaki benchi ya kinyozi, na kwenye benchi hiyo walimpa jina la Mchambuzi. Hilo jina alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Na cha kuchambua kilikuwepo. Rais alikuwa anamaliza muda wake, chama kilitakiwa kumpata mmoja wa kumrithi, na waliochukua fomu walikuwa ishirini na watatu. Nchi haikuwahi kuona watia nia wengi namna hiyo. Kulikuwa na Waziri, Jenerali, Profesa, Mchungaji, mama mmoja aliyewahi kuongoza benki, na wengine ambao hata majirani zao walishangaa kuwaona wakichukua fomu. "Hawa si wagombea," Mchambuzi alikuwa akisema, "hili ni darasa."

"Wote wamekuja leo," mke alisema hatimaye, akijikanda vidole vya miguu. "Waliitwa kusaini kiapo cha kuheshimiana. Ukumbi mzima, asubuhi moja. Mikono yangu imekufa ganzi."

"Wote? Nani alikaa karibu na Mwenyekiti?"

"Sikuangalia. Mimi naangalia vikombe. Mhandisi ndiye alikuja mwisho kabisa, nikampa chai kwenye kikombe cha maua, maana..."

"Cha maua? Vile vya kabatini?"

Mume alivijua vikombe vile kwa kusimuliwa. Ofisi ilikuwa na vikombe vyeupe vyenye mstari wa bluu, vya watu wote. Halafu kulikuwa na sita vyenye maua mekundu na ukingo wa dhahabu, vilivyofungiwa kwenye kabati la Mwenyekiti, vya Mwenyekiti mwenyewe na wageni wa kitaifa. Hata Waziri hajawahi kuonja chai humo.

"Ndiyo, vile," mke alisema. "Sasa sikia, ilikuwa hivi..."

Lakini mumewe alikuwa ameshasimama, kofia kichwani, anatafuta viatu vyake chini ya kochi.

"Chakula je?" binti aliuliza.

"Kuleni tu. Narudi sasa hivi."

* * *

Kwa kinyozi palikuwa na benchi moja ndefu kwenye kibaraza cha mabati, na mwenye muda wa kupoteza alikuja kuupoteza hapo. Wa kunyoa walikuwa wachache. Wengi walikuja kumchagua rais.

"Mimi namwona Profesa," alisema fundi viatu, misumari midogo imejaa mdomoni. "Yule amesoma mpaka vitabu vikaomba msamaha."

"Profesa wako hana watu," kinyozi alijibu, mashine ikiunguruma nyuma ya sikio la mteja. "Mtazame Mama Benki."

"Mama Benki walishamkata jana."

"Nani alimkata?"

"Nimesikia."

"Umesikia wapi?"

"Si hapa hapa? Wewe mwenyewe ulisema."

"Na Jenerali mnamweka wapi?" mteja aliuliza, kidevu kifuani.

"Jenerali yupo ili ampunguzie kura Waziri. Mchungaji yupo ili ampunguzie Jenerali. Na yule kijana wa miwani yupo ili ajulikane tu, baadaye apate cheo."

Ndivyo walivyohesabu kila siku. Kila mtia nia alikuwa ametumwa na mwingine, na hakuna hata mmoja aliyeaminika kuwa anautaka urais kwa sababu tu anautaka. Mchambuzi alifika, akapishwa mahali pa katikati. Akakaa, akanyoosha miguu, akawaacha wabishane mpaka wakachoka.

"Mnahangaika bure," alisema. "Ni Mhandisi."

Walicheka mpaka fundi viatu akatema msumari. Mhandisi? Yule anayehutubia kama anasoma bei ya saruji? Yule ambaye hata mkewe, kinyozi alisema, huenda bado hajaamua kumpigia kura?

"Chekeni. Leo Mhandisi amenyweshwa chai kwenye kikombe cha maua."

Akawaeleza habari ya kabati, ya vikombe sita, ya wageni wa kitaifa. Alieleza taratibu, kama zamani alipomweleza mama mwenye nyumba kwa nini bili imepanda. Kicheko kikafa kidogo kidogo. Kinyozi akazima mashine.

"Mwenyekiti hawezi kusema kwa mdomo kwamba huyu ndiye," Mchambuzi alimalizia. "Sheria zinamkataza. Lakini chai haina sheria."

"Habari hii umeitoa wapi?" fundi viatu aliuliza, ingawa mtaa mzima ulijua shemeji yao anafanya kazi wapi.

"Nina vyanzo vyangu."

"Lisemwalo lipo," kinyozi alisema, akitikisa kichwa. "Kama halipo, laja."

Tusimwonee. Hakuwa mtu mbaya, na siku hiyo alikuwa na furaha ya kweli. Ila mtu aliyezoea kuwaonya wenzake kwamba penye kuku wengi usimwage mtama, alikuwa amemwaga gunia zima, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

* * *

Neno lilikwenda lenyewe. Kabla ya mwisho wa wiki sokoni walikuwa wakitaniana, "Na wewe una kikombe cha maua?" wakimaanisha mtu aliyependelewa. Mwalimu wa binti alilitumia darasani. Watia nia wengine walianza kuitwa vikombe vyeupe, na magazeti yakachora katuni ya Jenerali akinywa chai kwenye kopo.

Mama Chai alilisikia kupitia dirisha la chumba chake cha chai, kwenye redio ya gari la dereva mmoja. Wachambuzi wa mambo, redio ilisema, wanaeleza kwamba mtia nia wa kikombe cha maua sasa ndiye anayeongoza. Alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini polepole, akafuta meza ambayo haikuwa chafu. Alijua neno lile lilitoka chumba gani, na alijua kwamba kila mtu kwenye jengo lile angejua pia, akikaa akafikiri kidogo.

Aliitwa kabla ya chakula cha mchana.

"Mama Chai, funga mlango," Bwana Utawala alisema. Alikuwa na tabia ya kupanga kalamu zake mezani akiwa na jambo baya la kusema, na sasa alikuwa akizipanga. "Siku ile ya kiapo, Mhandisi alinywea kikombe gani?"

"Cha maua, bosi."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna aliyeniagiza. Vikombe viliisha."

"Viliisha vipi?"

"Vyeupe vimebaki ishirini na viwili. Viwili vilivunjika kwenye semina ya vijana, nikaomba vingine, havikuletwa. Wageni walikuwa ishirini na watatu. Yeye akaja wa mwisho. Mimi ndiye ninayesafisha kabati la Mwenyekiti, ufunguo ninao. Nikaona ni aibu mgeni akae mikono mitupu wenzake wanakunywa."

Bwana Utawala alimtazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, akavua miwani akajifuta macho.

"Kwa hiyo ni hivyo tu."

"Ni hivyo tu, bosi."

"Nakuamini. Tena nakuamini kabisa. Shida ni kwamba ukweli wako ni mdogo mno, mama. Watia nia ishirini na wawili wamelalamika kwa Mwenyekiti kwamba ana mtu wake. Sasa niende nikawaambie nchi imetikisika kwa sababu kikombe kimoja kilipungua? Watasema nawatukana." Akavaa miwani. "Ulimwambia nani?"

"Mume wangu tu."

"Basi hiyo 'tu' ndiyo iliyotufikisha hapa."

Mama Chai aliinamisha kichwa. Alitaka kuuliza habari ya barua yake ya ajira, akaona hapafai.

"Nisikilize," Bwana Utawala alisema. "Kuna mwandishi wa redio anazunguka mtaani kwenu anatafuta neno lilianzia wapi. Mumeo amwambie alitunga. Au aseme hiyo ya vikombe kuisha, kama ilivyo. Ikitangazwa, nitakuwa na kitu cha kumwonyesha Mwenyekiti, na wewe nitakutetea. Nakupa mpaka Jumatatu. Isipotangazwa, wakubwa wanataka mtu wa kutolewa, na wa kumtoa ninaye mmoja tu, Mama Chai."

* * *

"Viliisha?" mume aliuliza.

"Viliisha."

"Vikombe?"

"Jioni ile ile nilitaka kukueleza. Ulikuwa umeshavaa kofia."

Binti alikuwa amefunga daftari lake, hakujifanya tena kwamba hasikii. Chumba kilikuwa kidogo na mtu hakuwa na pa kuangalia ila kwa mwenzake.

"Ni dakika moja tu," mke alisema. "Mwandishi akija, mwambie. Siombi kitu kingine. Tangu utoke idarani sijakuomba kitu."

"Nitaonekana mjinga."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Mimi naonekana mjinga kila siku, baba. Naitwa kwa kidole. Naulizwa kama najua kusoma, na wakati huo nimeshika gazeti lao. Sijafa."

Mume alijikuna magoti. Hasira hakuwa nayo. Aibu ilikuwa imemjaa mpaka kooni. Wiki nzima watu wazima walikuwa wamemngoja afike ndipo wabishane. Mtu wa gereji alimpa lifti bila kuombwa. Na kumbe hekima yake yote ilikuwa upungufu wa kikombe, kitu ambacho mkewe angemwambia kwa sentensi moja kama angekaa kwenye kochi akangoja.

"Utakwenda?" mke aliuliza.

"Nitakwenda."

"Utasema?"

"Si nimesema nitakwenda?"

Binti alimtazama baba yake, kisha mama yake, akafungua tena daftari. Ukurasa aliofungua ulikuwa wa hesabu na hakuona hata namba moja.

* * *

Mwandishi alikuwa msichana mwembamba mwenye kinasa sauti kidogo kama sanduku la kiberiti. Alimkuta Mchambuzi ameshakaa, tena si kwenye benchi: kinyozi alikuwa amemtolea kiti chake cha kunyolea, kile cha kuzunguka, akakifuta kwa taulo. Watu walisimama hadi barabarani. Walimvika kilemba cha ukoka tangu asubuhi, na yeye alikuwa amekivaa kikamkaa.

"Mzee, wanasema habari ya kikombe ilianzia hapa," msichana alisema.

"Mwacheni aseme," fundi viatu aliwaamuru watu ambao wala hawakuwa wakisema.

"Lile suala la kikombe," Mchambuzi alianza, akakohoa. "Lile suala, watu wamelichukulia sivyo."

"Kwa maana gani?"

Maneno yalikuwa mawili. Vikombe viliisha. Mtoto angeyasema. Alikuwa ameyafanyia mazoezi njia nzima, kwa namna ya utani, ili watu wacheke pamoja naye kabla hawajamcheka. Akainua macho. Kwenye mlango, nusu kichwa kimenyolewa na nusu bado, alikuwa amesimama msimamizi wa mitaro, yule aliyemtafuta mara mbili kwa kazi ya sururu. Alikuwa akitabasamu, labda kwa wema. Mchambuzi alikisikia kicheko cha mtu yule kabla hakijatoka. Alisikia na sauti yake, akiwasimulia vijana wake mtaroni: kumbe vikombe viliisha, jamani.

"Kwa maana kwamba," alisema, "kikombe si chai peke yake. Ni ishara. Zaidi ya hapo siwezi kusema. Chanzo changu sitakitaja, lakini kiko ndani. Ndani kabisa."

Watu walipiga makofi. Msichana alimshukuru, akazima kinasa sauti chake.

Ilitangazwa jioni hiyo hiyo. Mke alikuwa akikoroga sufuria, binti akikata vitunguu, na redio ilikuwa ya jirani, lakini ukuta ulikuwa mwembamba. Sauti ya baba wa nyumba ikaingia jikoni kutoka upande wa pili, nzito, yenye kujiamini: kiko ndani. Ndani kabisa. Mwenye sauti alikuwa amekaa kwenye kochi, hatua chache tu, anatazama mikono yake.

Mke aliendelea kukoroga. Chakula kilikuwa kimeiva zamani, na yeye alikoroga mpaka kikaanza kushika chini.

"Mama," binti alisema, "kinaungua."

"Nakiona."

* * *

Jumatatu Bwana Utawala hakumwambia afunge mlango. Alisema kwa kifupi, akitazama kalamu zake, kwamba kibarua hana barua ya kuachishwa kwa kuwa hakuwa na barua ya kuajiriwa. Akaongeza kwamba anasikitika, na Mama Chai aliona kuwa ni kweli anasikitika, na kwamba haisaidii.

Alitakiwa kukabidhi vyombo. Msichana mpya alikuwa ameshafika, aproni mpya, na walihesabu pamoja vyeupe, kisha vya maua, kisha vijiko. Walipokuwa kwenye vijiko, Mwenyekiti alichungulia mlangoni. Alikuwa mzee mpole anayependa chai nzito.

"Mama Chai, leo umenisahau?"

Hakuwa anajua. Mtu alikuwa anafukuzwa kwa ajili yake na hakuna aliyemsumbua kwa kumwambia. Mama Chai alifikiri kusema. Angeweza kumwambia hapo hapo, mdomo kwa sikio. Lakini nyuma ya Mwenyekiti alikuwa amesimama Bwana Utawala na wengine wawili, na miaka kumi na moja ya kunyamaza haivunjwi asubuhi moja.

"Samahani, mheshimiwa. Inakuja."

Akampikia, akammiminia kwenye kikombe cha maua, akampelekea kwa sinia kama siku zote. Mwenyekiti akasema asante bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

Getini mlinzi aliomba kuona mkoba wake. Walikuwa wamesalimiana kila asubuhi kwa miaka. "Samahani, mama, ni maagizo," alisema, akatoa aproni, kitambaa cha kufutia, kandambili. Alivipanga juu ya meza watu wakipita, kisha akavirudisha kwa uangalifu mkubwa, kama vile kuvikunja vizuri kungebadilisha kitu.

* * *

Mkutano mkuu ulifanyika. Wajumbe walikuwa wengi na waliowajua watia nia wote ishirini na watatu hawakuwepo. Wengi walikuja hawajui wampe nani, ila walijua jambo moja, kwa kuwa kila mtu alilijua: kuna mmoja ambaye Mwenyekiti alimpa kikombe cha maua. Hakuna anayetaka kuonekana amempinga mtu wa Mwenyekiti. Na Mwenyekiti mwenyewe, baadaye walisema wenye kusema, alipoona jinsi wajumbe wanavyoelemea upande mmoja, aliona ni busara naye aelemee huko huko. Mhandisi alishinda asubuhi na mapema. Hotuba yake ya shukrani ilikuwa ndefu na ilihusu barabara.

Kwa kinyozi walimbeba Mchambuzi juu juu. Walimzungusha mpaka kwa fundi viatu na kurudi. Waliuliza nani atakuwa waziri mkuu, wakanyamaza kumsikiliza, naye akasema ni mapema mno, wakakubaliana kwamba ni mapema mno. Alijaribu kutabasamu. Msimamizi wa mitaro alimshika mkono kwa heshima na kumwita mzee wangu. Hakumtajia tena habari ya sururu. Mtu kama huyo utamtajiaje sururu.

Nyumbani hakuna aliyempongeza. Mke alikuwa ameanza kufua nguo za watu, nyumba mbili siku hii, moja siku ile, na siku nyingine hakuna. Vidole vyake, vilivyozoea maji ya moto, sasa vilikuwa vikichubuka kwa sabuni. Aliongea na mumewe kama kawaida: chumvi imeisha, mlango haufungi vizuri, mwenye nyumba alipita. Hakumgombeza hata mara moja. Mume alitamani agombezwe. Alilala akiuelekea mgongo wa mkewe na kungoja, na mgongo haukusema kitu. Binti alikuwa ameacha kumwita baba kwa sauti ile ya zamani. Alimwita bado, maana adabu alikuwa nayo, lakini aliita kama anavyoitwa mwalimu.

Na lile swali la jioni halikuulizwa tena. Hapakuwa na wa kuulizwa.

* * *

Kampeni zilipoanza, gari la vipaza sauti lilipita mtaani na vijana wenye fulana mpya. Waligawa vikombe, kimoja kila nyumba. Vilikuwa na maua mekundu na ukingo wa dhahabu, na chini ya maua pameandikwa jina la Mhandisi. Chama kilikuwa kimeona kwamba wananchi wamelipenda neno lile.

"Pokea, mama," kijana alimwambia yule mke aliyekuwa akianika nguo za watu. "Kikombe cha ushindi hicho."

Alikipokea kwa mikono miwili, ya povu. Alikigeuza akatazama chini yake, akapima sikio la kikombe kwa kidole, kama mtu anayevijua vikombe. Kilikuwa chepesi. Dhahabu ilibaki kwenye dole gumba lake.

"Kina kasoro?" kijana aliuliza.

"Hakina. Asante, mwanangu."

Jioni mume alirudi kutoka kwa kinyozi mapema kuliko siku zote. Siku hizi alikuwa akirudi mapema. Alikaa kwenye kochi upande uliobonyea. Mke alitoka jikoni na sinia, siyo ile ya kila siku bali ile waliyopewa siku ya harusi. Juu yake palikuwa na kisahani, kijiko, sukari pembeni, na kile kikombe cha maua, kinafuka moshi. Akainama kidogo alivyokuwa akiinama ofisini, akakiweka mbele yake, sikio la kikombe limeelekea mkono wake wa kulia.

"Karibu chai," alisema.

Mume alitazama sinia, akatazama mlango wa jikoni. Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda huko ndani na kikombe chake cha bati, na kingine cha bati kilikuwa kando yake, kinamngoja mama yake.

"Mbona mimi peke yangu kwa sinia?" Alijaribu kucheka. "Leo umenifanya mgeni, mke wangu?"

Mke alipangusa mikono yake kwenye kanga. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amechoka, basi.

"Mgeni siku mbili," alisema.

Hakumalizia. Akageuka, akarudi jikoni, akaketi karibu na binti yake. Mume alibaki na kikombe mbele yake, anasikia vijiko vikigonga bati upande wa pili. Nje kulikuwa bado na mwanga, na kwenye kona ya mtaa vijana wa mitaro walikuwa wakikusanya sururu zao, wanahesabiana kwa sauti nani atakuja kesho. Alisikiliza hesabu yao mpaka ikaisha. Chai ilikuwa imepoa alipoinywa.